Nyota za Pembeni Zimeota Mikia

Asubuhi ile mpigapicha wa baraza la mji alikuwa anafuta lenzi kwa kitambaa cha miwani, shangazi yake akapiga simu kusema nyota zimekaa tena kwenye kamba ya nguo.

"Zifukuze kwa fagio, shangazi."

"Nimezifukuza mpaka mkono unauma! Mikia yao inanasa kwenye mashuka. Wewe na kalenda yako hiyo!"

Kalenda ndiyo ilianza yote. Mpigapicha aliupiga picha mji usiku, nyumba ya meya ikiwa katikati, maana picha ya baraza lazima meya akae katikati, hata iwe ya jaa la taka. Lenzi pana nayo ina tabia zake. Katikati nyota zilitoka duara, safi kama punje za mtama. Pembeni, juu ya mtaa wa shangazi, zikavutika, zikaota mikia. Kalenda ikatundikwa kila ofisi, na kwa kuwa picha ya ofisi haikosei, nyota zenyewe za angani zikaifuata, mikia ikaning'inia hadi mtaani.

Basi mhandisi wa mji akagoma kuweka taa za barabarani kule kwa shangazi. "Hatuweki taa chini ya nyota mbovu," akasema. Shangazi akaendelea kutumbukia mtaroni kila akitoka kazini jioni.

"Mwanangu, mtaro ule umeshanizoea. Siku nikipita salama utaniulizia."

Mpigapicha akacheka, halafu akaona aibu. Msimu wa kalenda mpya ulipofika akageuza kamera kidogo tu: choo cha shangazi kikakaa katikati, meya akasogea pembeni. Bosi wake aliipitisha picha huku anatafuna, hata hakuitazama.

Wiki ile nyota za shangazi zikawa duara. Za meya zikaota mikia mirefu, ikawa inafagia paa lake.

Meya wala hakukasirika. Aliita waandishi, akatangaza kwamba mji umepiga hatua, nyota za mikia ndizo za kisasa. Makofi yakapigwa. Mpigapicha akapandishwa cheo.

Mhandisi akaja mtaani, akatazama juu, akatikisa kichwa. "Taa tunaweka penye nyota za kisasa. Nyie na hizi duara, bado sana."

Jioni shangazi akaingia ndani, sketi inachuruzika maji ya mtaro. Mpigapicha, aliyekuja kumtembelea, akampa taulo.

"Zimependeza kweli nyota zako," shangazi akasema, anajifuta. "Ila zile za zamani, nikianguka, nilikuwa nashika mkia natoka."