Saba Yupo Lindoni

...na ugali wa ulezi haumngoji mtu, ukiuacha nusu dakika unashika madonge, kwa hiyo Bertila aseme anachosema huko uani kwake, mimi mkono mmoja umeshika sufuria kwa kitambaa, mwingine mwiko, na moshi wa kuni mbichi unaniingia machoni, nilimwambia Rahel alete zile kavu za nyuma ya choo, binti wa miaka kumi na tano lakini kichwani mna nyimbo tu... "Mama Rahel, nasema umesikia redio?" Sijasikia, betri ziko juu ya bati tangu asubuhi zinaota jua, "Vita ya Msumbiji imekwisha, mwenzangu! Wametia sahihi jana, Roma, Rais wao na yule mkuu wa majambazi, wamekumbatiana kabisa, na suti!" ...wamekumbatiana, na Bertila anacheka kidogo, amevaa koti la mtumba lenye maandishi ya watu wasiojulikana mgongoni, hajui, au anajua akasahau, kwamba mdogo wangu Felisiani yuko huko huko Msumbiji, chini ya udongo wa Zambezia, miaka minne na nusu sasa, jana, Jumapili, sisi tuko kanisani tunamwombea Papa wa Roma na wao wako Roma wanashikana mikono, koroga, koroga, usisimame. "Bertila, tafadhali, usimwambie Baba Rahel." "Kwani hatasikia? Redio haina mlango." Redio haina mlango lakini ina betri, na betri ziko juu ya bati, na mume wangu Flavian yuko nyuma ya nyumba ananawa miguu, namsikia anavyomwaga maji polepole, ametoka shamba, amechoka, tangu tuvune analala usiku mzima kama mtu mwingine yeyote, na sitaki, sitaki asikie kabla hajala, kwa sababu mara ya mwisho redio ilipoitaja Msumbiji aliweka kijiko chini, akatoka, akapotea siku mbili, wakamkuta njia ya Milepa anatembea hatua moja moja akichomachoma ardhi kwa fimbo, anatafuta mabomu kwenye barabara ya mikokoteni, mwanamume mzima, na watoto wa huko wanamfuata nyuma wakicheka. "Calvin!" mama mkwe anaita kutoka kizingitini, "leta betri za baba yako, habari zinakaribia," na mimi kwa haraka, "Ziache, Calvin, hazijakauka," na mama mkwe, "Betri zinakauka? Ni nguo hizo?" na Salome mdogo anacheka, acha acheke... unga kidogo tena, geuza, kandamiza ukingoni... nani alianza lakini, tulianza sisi, wasichana wa kidato cha tatu na sketi zetu za bluu, tulikunywa uji bila sukari kila Ijumaa ili sukari iende kwa wapigania uhuru, tulifuma soksi, mwalimu alibandika ramani ukutani na kila Mreno alipofukuzwa mahali tulipaka rangi nyekundu, na siku walipopata uhuru tulicheza mpaka viatu vikakatika, mimi nilijua imekwisha, mtu aliyetawaliwa amejitawala, kwisha, nani angeniambia kwamba ilikuwa ndiyo kwanza inafunguliwa, kwamba walowezi wa Rhodesia wangewachukua vijana weusi wa kule kule wakawapa bunduki, ndio hao majambazi, na Rhodesia ilipoanguka Makaburu wakawapokea vijana hao kama mtu anavyorithi ng'ombe, na upande huu Mrusi na mizinga yake, upande ule matajiri wa ng'ambo na fedha zao za siri, kila mkubwa akaleta kuni zake kwenye moto ambao hakuuwasha, na sisi, tuliouwasha kwa sukari na soksi, tukaambiwa tupeleke watoto. Felisiani alikuwa anachunga, darasa la saba, mwandiko wa kuku, mimi ndiye niliyemwandikia barua ya kuomba jeshi, yeye akanakili tu, *niko tayari kulikomboa bara letu*, sentensi ile ilikuwa yangu, alipoisoma akaniuliza, "Dada, bara lote?" nikamwambia nakili, wewe, usiharibu karatasi... Na baadaye akaniandikia mwenyewe, kwa mwandiko ule ule, *Dada, bunduki tunazowanyang'anya ni hizi hizi tulizo nazo sisi, hata mwenye duka ni yule yule, nikifika nitakuuliza maswali*, hakufika, alikanyaga kitu kilichofukiwa njiani, Flavian, wa kikosi kimoja naye, alikuwa nyuma yake hatua tano, na hakuna aliyewahi kuniambia kile kitu kilitengenezwa wapi, kana kwamba ni siri ya familia ya mtu. Na jana majambazi, leo redio inasema nini, upande wa pili, chama, wataomba kura, na sisi hapa nasi tumeruhusiwa vyama vingi, maduka ya Katandala yamejaa sabuni za kila rangi, ruksa, kila kitu ruksa, na kusahau ruksa... Umeiva. Unanukia. Epua. "Rahel, sinia! Na wale samaki, migebuka, wa baba yako mkubwa kuliko wote." "Mama, chumvi." "Umeitoa wapi, si iliisha?" "Baba kaja nayo." Haya, weka, nawisha bibi yako mikono. Tunakaa. Flavian anaingia, miguu imelowa, anakaa pale pale, mgongo ukutani, hakuna anayegusa kitu kwa sababu bado hajahesabu, kila jioni tangu arudi ni gwaride hapa, watoto wanadhani ni mchezo, "Moja," anasema, "Mbili," mama yake, "Tatu," mimi, "Nne," Rahel kwa uvivu, "Tano!" Calvin kama tarumbeta, "Sita," Salome, na sasa atasema kama anavyosema siku zote, akitazama mlangoni, *saba yupo lindoni*, ndipo tule, miaka minne mdogo wangu analinda mlango huu, mvua, baridi ya Juni, hapokelewi na mtu, na miaka minne nimeomba kwa Mungu neno hilo limtoke mume wangu, nimechoka nalo... Hasemi. Anatazama sinia. "Sita," anasema. "Wote tupo." ...chumvi. Chumvi ya duka la Katandala, pale redio inapolia kutwa nzima, alipita pale, alisimama na wanaume wengine akasikiliza mpaka mwisho, kisha akanunua chumvi na kuja nyumbani kunawa miguu, na mimi nahangaika na betri, maskini, hana fimbo, hatoki, amri imemfikia na yeye ni askari, wakubwa wametia sahihi na yeye amemshusha kijana kutoka lindoni, hivyo tu, bila hata kuniuliza mimi niliyeandika barua. "Mama Rahel, kula," anasema mama mkwe, "ugali leo umetulia kweli." Naam, umetulia, hauna donge hata moja. Calvin tayari ana mdomo uliojaa. Namega tonge, nautazama mlango, uko wazi kidogo na nje bado kuna mwanga, "Wote tupo," anasema Flavian tena, taratibu, ananisemea mimi sasa, naitikia kwa kichwa, nachovya, na ndani kwa ndani, pasipo sauti, naanza upya kutoka moja na sisimami kwenye sita.