Kizingiti Kipi?

Karani wa kamati ya mafuriko hakuwa mtu wa kunyamaza. Habari ikimkaa kifuani hadi adhuhuri, kwake ni ugonjwa. Asubuhi ile alikuwa jikoni akimsomea mama mkwe, bibi aliyekuwa akikata mboga, maelezo ya mafuriko ya zamani aliyoyaandika kutoka kinywani mwa bibi huyo, kwani saa nne mhandisi angesaini mpango wa tuta la kuukinga mji na mto.

"'Mwaka ule, maji yalifika kizingitini.' Ndivyo, mama?"

"Ndivyo. Na baba mkwe wako yuko juu ya paa, kakumbatia godoro kama bibi harusi."

Karani aliangua kicheko. Kikakatikia njiani. "Juu ya paa? Kwa maji ya hapa?" Akagusa kizingiti kwa kidole cha mguu.

"We mtoto una wazimu? Maji ya hapo si ningefagia tu! Kizingiti cha juu!" Bibi akanyoosha kisu hadi juu ya mlango. "Walitoboa bati ndiyo nikatoka."

Tuta lote lilikuwa limepimwa kwa neno lile moja, tena kwa mwandiko wake.

Alitoka mbio kwenda ofisini kwa mhandisi, daftari kwapani. Mto ulikuwa umeshapanda hadi kwenye mawe ya wafua nguo, na mvua zenyewe bado wiki tatu.

"Karani! Leo umbea gani unakukimbiza hivyo?" muuza nyanya akapaza sauti. Karani akazidi kukimbia. Muuza nyanya akaacha kucheka, akageuka kuutazama mto.

Mhandisi alimsikiliza kalamu mkononi, kisha akaiweka chini polepole. Akakokotoa. Akafuta. Akakokotoa tena.

"Si mita moja basi. Ni tatu. Na tuta refu linataka kitako kipana, ukingoni halienei. Itabidi lipite nyuma ya safu ya kwanza ya nyumba za kando ya mto."

"Safu ya kwanza ndiyo yetu, kaka."

"Najua. Chai ya kwenu nimeinywa." Hakuinua macho. "La mita moja linaiacha nyumba yenu ndani. Ila maji ya bibi yakija, yatalipita juu, yazoe mji mzima. Hili la kizingiti nani mwingine analijua?"

"Mimi na mama."

Kupitia dirisha karani aliusikia mto ukivuta pumzi chini ya daraja, kama mtu aliyejibana mlangoni akisubiri kufunguliwa. Mdomo wake, ambao haujawahi kufungwa na mtu, ulitaka sana kufungwa leo.

"Andika cha juu," akasema.

Aliporudi, mboga zilikuwa zimeshaiva.

"Wamekubali?" bibi akauliza.

"Wamekubali. Tuta kubwa."

"Afadhali. Na sisi tutakuwa upande gani?"

Karani akashika kiti, ila hakukaa.

"Upande wa mto, mama."