Mwaka Dawa Haikuja

Akoth alikuwa mtu wa mwisho pale Bugembe, nje kidogo ya mji wa Jinja nchini Uganda, kukubali nyumba yake ipulizwe dawa ya mbu. Alikuwa mama wa Kisumu, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, kando ya barabara kuu ya Iganga, na misimu kadhaa alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akawarudisha wapulizaji na pampu zao mgongoni. Hakuwa mkaidi wa bure. Alipokuwa msichana huko kwao, polisi walikuja nyumbani, wakatoa vyombo vya mama yake na kuvitupa barabarani, na mvua ikavinyeshea. Sasa kiongozi wa wapulizaji alikuwa Ignatius, sajini mstaafu wa polisi, na neno la kwanza alilomwambia lilikuwa, "Mama, toa vitu vyote nje."

"Vitoke viende wapi?" Akoth aliuliza, akafunga mlango.

Ignatius hakuwa mtu wa kukata tamaa upesi. Mke wake alikufa kwa malaria wakiwa bado katika kambi ya polisi, na alipostaafu aliomba kazi hii mwenyewe, hakutumwa na mtu. Alirudi kwa Akoth siku nyingine bila sare ya wapulizaji, amevaa shati la kanisani. Akanunua omena. Akarudi tena. Mwishowe Akoth akamwambia, "Basi vitoe wewe, kwa mikono yako. Kikivunjika kimoja, nitakuja kulala kwako." Ignatius alibeba kila kitu: kitanda, sufuria, magunia ya samaki, picha ya harusi. Akavipanga chini ya turubai kama mtu anayehamisha mayai. Dawa ilipokauka akavirudisha kimoja kimoja.

Tangu hapo homa ikawa jambo la kusikia kwa wengine. Binti ya Akoth, Mitchelle, ambaye utoto wake wote ulikuwa wa kutetemeka na kutapika, alimaliza shule, akafungua saluni ndogo karibu na stendi, akaolewa na fundi wa pikipiki. Neti zikachakaa, wakazitumia kufunikia miche ya sukuma wiki. Hakuna aliyeona haja ya kununua nyingine. Kila msimu kabla ya mvua, Akoth mwenyewe alikuwa wa kwanza kutoa vitu nje, na alikuwa akiwaita majirani kwa sauti ya sokoni.

"Dawa itakuja kila mwaka?" alimuuliza Ignatius siku moja.

"Kila mwaka, mama Mitchelle. Mimi nipo."

Kisha wafadhili waliokuwa wakilipia mpango ule wakaondoka. Serikali ikasema itaurithi. Wapulizaji walifurahi, maana cha serikali ni cha kwetu. Msimu ulipofika, Ignatius na wenzake wakaenda ofisi ya afya wakiwa wamejipanga mstari kama kawaida, na Andrew, ofisa kijana aliyekuwa akiwagawia dawa, akatoka kuwakuta uani. Hakuwakaribisha ndani.

"Afande, bajeti imekuja," alisema. "Mpango wenu umeandikwa. Jina lipo. Ila mbele ya jina hakuna kitu."

"Hakuna kitu maana yake nini?"

"Maana yake hakuna kitu, mzee wangu."

Wengine walicheka kwa kutojua la kufanya. Mahad, mpulizaji hodari kuliko wote, aliuliza kama wasubiri. Andrew akasema wasubiri. Wakasubiri, mawingu yakaanza kujikusanya upande wa ziwa, na Ignatius akaona heri aende Mbale kwa binti yake.

Docus alikuwa ofisa mipango katika wilaya moja ya karibu na Mbale, akiishi mtaa wa Nkoma katika nyumba ya kupanga yenye maua mlangoni. Baba na binti walizungumza Kiswahili, kwa sababu Docus alizaliwa na kukulia katika kambi za polisi, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya mama yake na majirani wote. Alimwandalia baba yake chai na malewa, yale machipukizi ya mianzi, akamsikiliza hadi mwisho.

"Wewe unakaa kwenye hivyo vikao," Ignatius alisema. "Unajua wanavyofikiri. Niambie nimwone nani."

"Baba, hakuna wa kumwona."

"Hawezi kukosekana mtu."

Docus aliweka kikombe chini. "Kwetu pia kulikuwa na kupuliza. Fedha za afya zilikuja zimekatwa huko huko juu, tukaambiwa tuchague. Kupuliza, au mafuta ya ambulansi. Mimi ndiye niliyeandaa karatasi. Niliandika ambulansi."

Ignatius alimtazama kana kwamba amekosea nyumba.

"Usinitazame hivyo. Mtoto akifa njiani, mama yake analia redioni, na diwani anaulizwa. Mtoto ambaye hakuugua, nani atamsemea? Hata mama yake hajui kama ameponywa."

"Na hao watakaougua?"

"Watapanda ambulansi, Baba."

Hakusema kwa mzaha. Ignatius akaanza kueleza jinsi mambo yalivyokuwa kambini zamani, jinsi mkuu wa kituo alivyowatoa wote asubuhi kufyeka nyasi na kumwaga maji yaliyotuama, na hakuna aliyeuliza bajeti.

"Na Mama alikufa wapi?" Docus aliuliza polepole. "Si hapo hapo kambini, nyasi zikiwa zimefyekwa?"

Mzee alilala kwa Docus siku hiyo, na asubuhi akarudi Bugembe mikono mitupu.

Mvua ilikuja nzito. Mashimo ya wafyatua matofali yakajaa, mpunga wa bondeni ukasimama ndani ya maji, na jioni ukikaa nje uliwasikia mbu kabla ya kuwaona. Homa ikaanza kwa watoto wa shule, ikapanda kwa wakubwa. Kituo cha afya kiliishiwa vipimo, kisha kikaishiwa vidonge. Popote Ignatius alipopita, watu walimuuliza, "Afande, lini?" Mwanzoni alijibu "karibuni." Baadaye akaanza kupita njia ya nyuma ya soko.

Huko nyuma ya soko ndiko alikokutana na Mahad. Alikuwa na pampu mgongoni, na harufu iliyotoka kwake haikuwa ya dawa waliyoizoea.

"Unapuliza nini?"

"Dawa."

"Dawa gani, Mahad?"

"Ile ya nyanya. Inaua kila mdudu."

"Hiyo ni sumu ya shambani! Ndani ya nyumba wanalala watu!"

Mahad hakukasirika. Alishusha pampu, akafuta jasho. "Afande, wewe iko na pensheni. Mimi iko na nini? Tulingoja pamoja pale ofisi. Watu naita mimi, 'Mahad, kuja kupuliza.' Wewe ndio ulifundisha wao nyumba lazima ipulizwe. Sasa niambie wao wafanye nini."

Ignatius alimkataza. Akamtisha kwa polisi, akaenda kituoni na kutoa taarifa, na askari wa zamu, aliyekuwa na koti juu ya sare kwa sababu ya homa, akamwambia watafuatilia.

Kutoka kituoni akaenda moja kwa moja kwa Akoth. Mitchelle alikuwepo, amekuja kujifungulia kwa mama yake kama desturi ya mtoto wa kwanza, tumbo likiwa limeshuka.

"Mahad akija, usimfungulie," Ignatius alisema. "Kile si dawa."

"Sawa. Na dawa yenyewe iko wapi?"

"Haijaja."

"Itakuja?"

Angeweza kusema tena karibuni. Alisema, "Sijui, mama Mitchelle. Tafuteni neti."

"Neti nimetafuta hadi Jinja mjini. Zile za bure hazipo, na za dukani zina matundu kama wavu wa kuvulia sangara." Akoth alimtazama binti yake akijipangusa shingo kwa kanga. "Afande, huyu mtoto anaumwa na mbu usiku kucha. Wewe unaniambia nikae tu?"

Ignatius aliwaletea neti yake mwenyewe, ile aliyokuwa akilalia, lakini ilikuwa ya kitanda kimoja, na Mitchelle na mama yake walilala pamoja. Waliivuta huku, ikaacha kule.

Akoth alimfungulia Mahad. Ignatius alikuwa kanisani. Nyumba ilinuka hadi barabarani, na kabla ya jua kutua Mitchelle alianza kutapika. Akoth akajua ni ile sumu, na kila mtu akajua ni ile sumu. Wakamtoa nje, wakampa maziwa, wakamkalisha kwenye upepo. Kesho yake alikuwa bado anatapika, mwili unawaka, na jirani akasema sumu ndivyo inavyotoka, kwa joto. Kwa sababu hiyo hawakumpeleka hospitali. Ignatius alipoitwa hatimaye, alimkuta macho yamegeuka rangi ya manjano, anamwita mtu asiyekuwepo. Alikwisha kuyaona macho yale, kambini.

"Hii si sumu," alisema. "Hii ni malaria. Mnyanyueni."

Ambulansi ilipigiwa simu. Dereva alijibu kwa adabu kwamba yuko na mgonjwa mwingine, na baada ya huyo kuna mwingine. Walimpakia kwenye gari la mizigo la Mkenya mmoja aliyekuwa akishusha simenti, Akoth akiwa amempakata kichwa. Hospitalini, wajawazito walilala wawili kitandani na watoto watatu watatu. Daktari, mwanamke aliyekuwa amekauka midomo kwa uchovu, alisema mtoto aliye tumboni amekwisha kufa na mama anahitaji damu haraka. Damu ya kundi lake haikuwepo. Ignatius alinyoosha mkono atolewe damu, wakampima, akawa si kundi lake. Akoth wakamkuta yeye mwenyewe ana malaria ndani ya damu. Mume wa Mitchelle alifika mbio kutoka gereji, na yeye ndiye aliyekuwa kundi moja naye. Wakamlaza, wakaanza kumtoa damu. Mfuko haukuwa umejaa Mitchelle alipokata roho.

Walimpeleka kwao Kisumu kupitia mpaka wa Busia, yeye na mtoto wake katika sanduku moja. Ignatius alisindikiza hadi mpakani. Pale, wakati madereva wakishughulikia karatasi za maiti, Akoth alimwita kando. Hakuwa analia tena.

"Sikulaumu, Afande," alisema. "Nataka tu ujue. Zamani nilikuwa nawaogopa mbu. Nilikuwa nafukiza majani kila jioni, nashona neti kila ilipotoboka, nalala nusu jicho. Ulipokuja nikaacha. Nikalala usingizi. Afadhali ungeniacha kama ulivyonikuta."

Akapanda gari. Hakurudi Bugembe. Omena wake waliuzwa na shemeji yake, na kibanda kikachukuliwa na mtu wa chipsi.

Mahad alikamatwa wiki ileile kwa kelele za watu, akaachiwa, akahamia Iganga, na huko, walisema, bado anapuliza. Andrew alimtembelea Ignatius akiwa na ujumbe kutoka ofisini: wazee wenye heshima watembee nyumba kwa nyumba kuwahimiza wananchi wajikinge. Wajikinge kwa kitu gani? Ignatius aliuliza. Kwa njia zilizopo, Andrew alisoma kwenye simu yake, kisha akaiweka mfukoni na kusema, "Nisamehe, mzee." Ignatius hakutembea nyumba hata moja.

Bajeti nyingine ilipopita, Docus alipiga simu kutoka Mbale. Baba yake alikuwa amejilaza, amejifunika blanketi mchana wa jua kali.

"Baba, nilitaka usikie kwangu. Huku kwetu mpango wa kupuliza wameuondoa kabisa. Hata jina. Walisema miaka yote halina kitu mbele yake, linajaza karatasi tu."

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilisema libaki. Niliwaambia habari ya yule dada wa Bugembe. Wakasikitika kweli, Baba. Mmoja alitoa leso. Halafu wakaongeza ambulansi ya pili."

Ignatius aliguna ndani ya blanketi.

"Mbona sauti yako iko hivyo? Unaumwa?"

"Mwili tu."

"Umepima?"

"Kituoni hakuna vipimo, mwanangu."

Upande wa pili alisikia milango ya ofisi, watu wakimwita Docus kwa cheo chake, na Docus akiwaambia wangoje. Alikuwa anasema kwamba atakuja Jumamosi, atamletea vidonge kutoka Mbale, kama atavipata. Ignatius alimwambia arudi kazini, watu wanamngoja, akakata simu, akavuta blanketi hadi masikioni. Meno yalikuwa yameanza kugongana.