Mto wa Manyoya Mekundu

Kwach! Kisha kimya. Kwach!

Kabla hakujapambazuka, Bibi akafumbua macho. Mkasi huo. Akapapasa chini ya kichwa chake: mto upo. Akaupapasa tena pembe zote, na pembe moja ikamwachia unyoya kiganjani.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akajisemea, akateremka kitandani bila kuvaa ndala.

Mgeni wake, binti wa makumbusho, alikuwa amelala sebuleni kwa kuwa boti ya jioni ilimwacha. Jana alikuwa mpole kama maji ya mtungini, hata vyombo akaosha. Lakini kila neno lake lilizunguka likarudi kwenye mto ule: nani aliushona, na njiwa walitegwa na nani. Maana manyoya yake yalikuwa ya njiwa wekundu wa kisiwa hiki, waliokwisha Bibi akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Makumbusho hayakuwa na hata unyoya mmoja.

"Mto haufunguliwi," Bibi alimjibu. Mama yake ndiye aliyeushona. Aliyewatega ni baba yake. Njiwa hawakumwogopa, naye alidhani hawatakwisha. Hilo hakulisema. Akiutoa mto, si wataandika jina la baba chini yake, watoto wa shule wamnyooshee kidole?

Akasukuma pazia. "Unakata nini, wewe?"

Binti akashtuka. "Shikamoo, Bibi. Nakata kitambaa changu cha kichwa. Ulipokohoa usiku nilikuja kukutazama, nikaona mto umefumuka. Nikasema nikuandalie kiraka."

"Marahaba. Na yaliyodondoka?"

Yalikuwa mezani, mekundu, chini ya bilauri iliyopinduliwa ili upepo usiyapeperushe.

"Fungua mkoba."

Akafungua, akautikisa. Kitana, tiketi, soksi.

"Wizi hukuuweza," Bibi akasema. "Mkasi wako unapiga kelele kama bata."

Binti akacheka. Bibi akauleta mto, binti akashona kiraka taratibu, sindano ikifuata matundu ya zamani. Hakuomba kitu. Bibi alimtazama mpaka fundo la mwisho, kisha akainua bilauri, akamwekea unyoya mmoja kiganjani.

"Huu ni wako. Habari za aliyewatega zinataka kikao."

Honi ya boti ikalia. Mlangoni Bibi akamshika mkono, asitake kuuachia.

"Njoo tena, mjukuu wangu. Njoo kabla sijasahau, nikusimulie baba yangu alikuwa mtu gani."