Maji ya Bela

Mwaka ule wa tauni, huku kwetu kando ya mto Rhine, Anshel alikata roho asubuhi. Mama yake, Bi Gutheil, hakulia kwanza. Alikwenda jikoni akabeba ndoo.

"Mama, nakuomba," mkwewe Sprinza akamshika mkono. "Leo tusimwage. Mji mzima unasema Wayahudi tumetia sumu visimani. Wakituona je?"

"Nyumba yenye maiti haiweki maji, mwanangu. Nilimwaga kwa baba yake. Nisimwage kwa mtoto wangu mwenyewe?"

Akamwaga yote mbele ya mlango, mchana kweupe. Sprinza aliwahi kuficha mtungi mmoja tu uvunguni, wa binti yake Bela, maana kiu ya mtoto haijui mila.

"Njooni muone!" Cunz mwokaji akapiga kelele. "Wanamwaga ya kwao! Wanajua walichotia!"

Watu wakajaa. Sprinza akatoka mbio. "Mume wangu kafa kwa ugonjwa huu huu unaowaua ninyi! Ingieni mumwone!"

"Sumu yake imemrudia," Cunz akasema, wakacheka.

Akakimbilia kisimani, akateka, akanywa mbele yao hadi maji yakamlowesha kifua.

"Ana kinga huyo!"

Jamani! Akifa mmoja, sumu. Akipona mwingine, sumu. Akufukuzaye hakwambii toka. Wakaanza kuleta kuni za kuichoma nyumba.

Irmel, Mkristo wa nyumba ya pili, aliyemnyonyesha Bela, akapenya hadi mlangoni, Sprinza alikokuwa amerudi. "Nipe mtoto. Padri akimbatiza leo hawatamgusa."

"Apewe jina jingine? Afundishwe kututemea mate?"

"Atakuwa hai, shoga yangu. Fanya haraka, wanakuja!"

Heri nusu shari, husema watu. Hawajawahi kupewa hiyo nusu waishike mkononi. Sprinza alimkumbatia Bela mpaka mtoto akalalamika kwamba anaumia.

"Mama, nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Nenda na Mama Irmel. Ukisikia nakuita, usigeuke."

Akavibandua vidole vya mtoto kimoja kimoja kwenye nguo yake. Kilio cha Bela kilisikika mpaka kona ya kanisa, kisha hakikusikika tena.

Sprinza akaingia ndani, akavuta mtungi uvunguni. Bi Gutheil alikuwa amekaa kando ya maiti.

"Hayo ya nini tena? Anshel nimeshammwagia."

"Haya ni ya Bela," Sprinza akasema, akayamwaga yote kizingitini.