Mzima, Anakula Vizuri

Habari ya mamothi niliipata mapema kuliko mkurugenzi mwenyewe, maana mimi ndiye mkata tiketi wa bustani ya wanyama, na hapiti mtu getini kwangu bila kuacha neno. Walikuja watu watatu na sanduku la barafu. Wanataka kumrudisha duniani yule tembo wa kale mwenye manyoya kama zulia, aliyetoweka maelfu ya miaka iliyopita. Mimba changa wameshaitengeneza maabarani. Limebaki tumbo la kuibeba miezi ishirini na miwili.

Tumbo walilochagua ni la Mama Mkubwa, tembo wetu.

"Faili lake safi kuliko langu," daktari wa mradi aliniambia akicheka. "Miaka kumi na moja hajaugua hata siku moja!"

Nikanyamaza, na kwangu kunyamaza ni kazi ngumu. Faili lile ameliandika shemeji yangu, mume wa dada, mtunza tembo. Kila asubuhi mstari uleule: *Mzima, anakula vizuri.* Watunzaji wote hapa huandika hivyo. Ukiandika vingine anakuja daktari wa wanyama na bunduki ya sindano, na mnyama anakununia mwezi mzima. Kwa hiyo mguu ukivimba wanaukanda wenyewe kwa maji ya chumvi, na daftarini mnyama anabaki mzima.

Saa ya mapumziko nikamfuata shemeji bandani. Alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, mguu wa nyuma wa Mama Mkubwa uko juu ya gogo, anasafisha usaha kwenye kucha.

"Shem, umesikia?"

"Nimesikia. Kesho wanaanza."

"Na mguu huu?"

"Hata uzito wake mwenyewe unamshinda. Siku hizi analala kaegemea ukuta."

"Sasa si useme!"

"Niseme nimedanganya mara elfu nne na ushei? Nimebakiza miaka miwili nistaafu. Wakinifukuza, dada yako atanihamishia uani."

"Uani kuna upepo mzuri."

Hakucheka. Akagonga gogo mara mbili, na Mama Mkubwa akashusha mguu taratibu, kama anapapasa ngazi gizani. Ulipogusa sakafu akaguna, na shemeji akaguna naye.

Mlangoni akatokea yule daktari wa mradi, uso umemng'aa. "Ndiye huyu mama mtarajiwa?"

Shemeji akachomoa kalamu sikioni, akafungua daftari. Mstari wa leo alishauandika. Akaukata. Akalamba kidole, akafunua nyuma, akakata wa jana. Na wa juzi.

"Unafanya nini, mzee?"

"Nasahihisha. Vuta ndoo ukae, daktari. Hapo ulipo utauona mguu vizuri, na mimi huku nitachukua muda."

Daktari akautazama mguu. Akakaa.

Getini nikakuta foleni. Mama mmoja akaniuliza kama ni kweli mamothi anakuja. Umbea ninao, wa moto kabisa. Nikamkatia tiketi yake.