Sauti ya Saa Saba

Siku binti yangu alipogeuza shingo kwa mara ya kwanza kumtafuta baba yake, aliigeukia redio.

Nilikuwa nimempakata sebuleni, kichwa chake kimelala kwenye kiwiko changu, nami nikimnong'oneza vile vijineno ambavyo watu wazima huona haya kuvisema mbele ya wengine. Juu ya kabati, redio ilikuwa ikirusha kipindi cha utunzaji wa bustani nilichokirekodi wiki iliyotangulia. "Mpenzi msikilizaji," ikasema redio kwa sauti yangu, na mtoto aliyekuwa akijinyonganyonga akatulia tuli. Akakunja paji la uso. Kisha polepole, kwa shingo ambayo bado haikuwa na nguvu ya kubeba kichwa chake, akanipa kisogo na kuikodolea macho redio.

Mama mkwe, aliyekuwa akikunja nepi kwenye kochi, alicheka hadi akashika mbavu. "Makubwa haya! Mtoto anamtafuta baba, na huku kapakatwa naye!"

Nilicheka pia, kwa adabu. Ila nisifiche: niliona wivu. Nimewahi kuwaonea wivu watangazaji wenzangu, hasa wale wa michezo, lakini sikuwa nimewahi kujionea wivu mwenyewe.

Mimi ni msomaji wa habari. Saa saba mchana, taa nyekundu ikiwaka juu ya mlango wa studio, huketi wima, huvuta pumzi ya tumboni, na sauti inayotoka hapo si ile niliyozaliwa nayo. Ni sauti niliyofundishwa na wakubwa zangu kazini, pana, nzito kidogo, isiyo na haraka. Hata ikitangaza mafuriko, msikilizaji huamini kwamba kuna mtu anayeyashughulikia. Mtaani wananiita Taarifa. Mwenye duka hakubali kunikabidhi sukari mpaka nitamke, "Na sasa habari kwa ukamilifu." Sauti hiyo imenilisha, na ndiyo iliyonipatia mke, maana mwenyewe hakatai kwamba aliipenda kabla ya kuniona. Aliponiona, anasema, ilibidi avumilie.

Sasa mtoto naye alikuwa ameichagua. Nilichotaka mimi kilikuwa kitu kidogo tu: anijue. Si yule bwana wa kwenye kabati, bali huyu mwenye kandambili na shati lililochafuliwa maziwa begani.

Basi nikaanza uchunguzi, na nikiri kwamba nilianza kuufurahia. Kesho yake alipoangua kilio baada ya kunyonya, nilimbembeleza kwa sauti yangu ya kawaida. "Nyamaza, mama. Nyamaza, mama yangu." Akapandisha kilio. Nikaimba, na mama mkwe akaniomba, kwa heshima zote, nimwonee huruma mtoto wa watu. Ndipo nilipoketi wima, nikavuta pumzi, nikachukua kopo la poda lililokuwa karibu na kusoma maandishi yake kana kwamba ni habari iliyotufikia punde: "Paka kiasi kidogo kwenye ngozi iliyokauka vizuri. Weka mbali na macho."

Kilio kikakatika. Midomo ilibaki wazi, chozi likining'inia shavuni, akasikiliza mpaka mwisho. Nikamsomea na anwani ya kiwanda. Nilipomaliza aliendelea kungoja, kama anayetaka na michezo.

Nilijaribu nikiwa nyuma ya pazia. Nilijaribu nikiwa jikoni, nikajaribu na mto mdomoni, mke wangu akinitazama. Jibu lilikuwa lile lile. Mtangazaji alimtuliza, mimi nilimchosha. Tena lililoniuma zaidi ni kwamba hata nilipoitumia sauti ile nikiwa nimembeba, hakuutazama mdomo wangu. Macho yalipanda moja kwa moja kabatini. Kwake yeye, sauti ile ilikuwa na makazi yake, na makazi hayo hayakuwa mimi.

Nilimweleza fundi mitambo wetu, mtu mwenye watoto wengi na maneno machache. Alinisikiliza huku akizungusha waya wa vipokea sauti vya masikioni kidoleni.

"Wangu wa kwanza alikuwa anabembelezwa na feni," akasema. "Ukiizima, analia. Ukiiwasha, kimya. Nikaiacha ifanye kazi yake."

"Lakini feni haikuwa na sauti yako, kaka."

"Ndiyo nakwambia una bahati. Feni yako ni wewe mwenyewe." Akafikiri kidogo. "Nikutengenezee kitu? Nachukua taarifa zako za zamani, naunganisha, naondoa zile za vita. Unamwekea kwenye simu, nyumba nzima mnapumzika."

Mtu aliyekosa usingizi haulizwi jambo kama hilo mara mbili. Nilirudi nyumbani nikiwa na simu mfukoni iliyojaa mimi.

Mke wangu alikuwa akimwogesha mtoto kwenye beseni, karibu na dirisha la chumbani. Mama mkwe alikuwa ametoka kwenda sokoni. Nilisimama mlangoni nikatangaza uvumbuzi wangu kwa furaha, nikaeleza jinsi tutakavyoweza kula chakula kikiwa bado cha moto. Yeye alichota maji kwa kiganja, akayamwagia bega la mtoto, akachota tena.

"Kwa hiyo umetuletea redio nyingine," akasema.

"Si redio. Ni mimi."

"Mwenzangu, hebu nikuulize kitu, na usikasirike. Nilipokuwa mjamzito, wewe ulikuwa unaongelea wapi?"

"Kwani nilikuwa siongei hapa?"

"Hapa ulikuwa unaguna." Akaniigiza, na aliniigiza vizuri sana: "Mm. Aa. Sawa. Tutaona kesho." Mtoto akapiga maji kwa mguu. "Ulikuwa unarudi maneno yote umeyamaliza huko. Ukivua viatu mlangoni, na ulimi unauacha hapo hapo. Nikikuuliza, unasema unatunza koo."

Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo, maana hasira ningeijibu.

"Saa saba ikifika," akaendelea, "nilikuwa nafungua redio, naisogelea, naweka mkono tumboni. Namwambia, haya, msikilize baba yako. Ningempeleka wapi kwingine akakusikie?"

Nilitaka kumjibu. Kilichonitoka ni mguno. Tuliusikia wote wawili, na hakuna aliyecheka.

Niliumia. Miezi ile yote niliamini kwamba kimya cha nyumba yetu kilikuwa raha ya watu wawili wanaoelewana. Nilikuwa nikikaa kwenye kochi macho yamefumbwa, nikidhani nampa mke wangu utulivu, kumbe nilikuwa nikimpa mtu aliyekaa kwenye kochi macho yamefumbwa. Na yule mdogo alikuwa mle ndani muda wote, kaweka sikio ukutani, akinisubiri niseme chochote. Nilikuwa nimejishughulisha kuchunguza masikio yake bila kujiuliza niliyaletea nini.

Mke wangu alimtoa mtoto majini, akamviringisha taulo, akaniwekea mikononi. "Mshike, nikamwage maji." Akainua beseni. Alipofika mlangoni aligeuka. "Na usimsomee."

Tukabaki wawili. Redio ilikuwa imezimwa, na simu nikaiacha ilale mfukoni. Mtoto alikuwa na harufu ya sabuni, nywele zake zimelala upande mmoja kwa sababu ya maji.

"Huu ni mkono wako," nikamwambia. Nimesoma habari za mapinduzi na matetemeko bila kupepesa jicho, lakini pasipo karatasi mbele yangu, kwa mtoto mwenye uzito wa mfuko wa unga, nilitoka jasho.

"Hilo dirisha. Na nje pale kuna kamba ya nguo. Juzi upepo... aa... upepo ulirusha soksi yako moja, ikaenda ikaangukia kwa jirani. Nikaenda mpaka mlangoni kwake, nikaona aibu kubisha. Nitamwambiaje, naulizia soksi? Soksi yenyewe ndogo kama... sijui kama nini. Nikarudi. Bado iko huko."

Sauti ilikuwa nyembamba, yenye mikwaruzo, na mwishoni mwa sentensi ilikuwa inaporomoka. Ningeisikia kwa kijana anayeomba kazi kituoni, ningemshauri akatafute shughuli nyingine. Mtoto alikunja uso. Kidevu kikaanza kutetemeka, kile kidevu chake kinachotoa onyo kabla ya kilio. Nayo sauti ya saa saba ilikuwa hapo hapo kooni, imeketi wima, inangoja taa iwake. Ilikuwa ni kuvuta pumzi tu. Nikaimeza.

"Siku ile hospitali," nikasema, "mkunga alipokuweka mikononi mwangu, nilikuogopa. Mama yako hajui. Watu wote walikuwa wanacheka na kulia, mimi nikasema 'asante sana' kama mtu aliyekabidhiwa cheti. Nilikuwa nakutazama na kujiuliza, huyu ni nani? Nilidhani nitajua papo hapo. Wenzangu wanasema walijua papo hapo. Mimi mpaka leo naku... naku..."

Neno likakosekana. Nililiona kwa mbali, likapotea. Hewani, kimya cha namna ile ni kosa la kuitwa ofisini; fundi mitambo hugonga kioo, wimbo wowote ukawekwa kukiziba. Hapa hakuna aliyegonga. Nilisikia maji yakimwagwa nje, na beseni likiwekwa chini taratibu. Nyayo za mke wangu zilikuja mpaka karibu na mlango, zikasimama.

Kidevu cha mtoto kilikuwa kimeacha kutetemeka. Mkono wake, ambao bado haukuwa na shabaha, ulitoka kwenye taulo, ukaelea, ukanipiga puani, ukateleza, ukatua mdomoni mwangu. Vidole vilikuwa baridi na vimekunjamana kwa maji. Havikuondoka.

Sikuinua macho kuangalia anatazama wapi. Nililirudia lile neno tangu mwanzo wake, nikalikosa, nikalirudia tena polepole, midomo yangu ikitembea chini ya vidole vyake.